Eda ya Faiza Mkunga

Mkoba ulikuwa mtupu. Faiza mwenyewe ndiye aliyeumwaga juu ya kitanda matanga yalipokwisha. Akatoa kalamu, vidonge vya kichwa na kitambaa cha mkono, na simu akampa wifi yake Mwanapili aifungie anakojua yeye. Kisha mkoba ukarudishwa kwenye msumari nyuma ya mlango, umenywea. Na bado kila siku baada ya adhuhuri, wakati mtaa wa Mkunazini umetulia kwa kuwa watu wanakula, Faiza aliusikia ukinguruma. Haukuwa mlio wa kuita. Ulikuwa ule mtetemo mdogo wa simu iliyonyamazishwa, inayogonga ngozi ya mkoba kwa ndani kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja.

"Wifi, unasikia?"

"Nnasikia nini?"

"Basi. Friji labda."

Mwanapili alilitazama friji, akarudisha macho kwenye kofia aliyokuwa akiishona. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi.

Faiza alikuwa kwenye eda ya mumewe, Tahir. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki bila dharura, hapaki wanja wala hina, hajifukizi udi, wala hajichanganyi na wanaume wasio maharimu wake. Hayo ndiyo ya sheria. Watu wa Mji Mkongwe hawatosheki na ya sheria, huongeza na ya kwao: asikae dirishani, asicheke akasikika ngazini, asipokee kitu mkononi mwa mwanamme hata akiwa ni mtoto wa jirani aliyemzalisha yeye mwenyewe. Majirani walikuja mmoja mmoja kumfundisha hayo, kila mmoja na lake, na Faiza aliitikia yote. Hakuwa na haja ya kutoka. Kama wangemwambia eda ni miaka kumi angeshukuru.

Kabla ya hapo hakuwa mtu wa kukaa ndani. Alizaliwa Kikwajuni, akasomea uuguzi na ukunga, akafanya kazi wodi ya wazazi ya hospitali moja ya mjini mpaka magoti yakamkataa. Alipokuwa anafikiria kustaafu, hospitali ikaletewa mradi. Kilipakwa rangi chumba kimoja kidogo, kikawekwa meza, kioo kikubwa cha kompyuta na spika, na zile hospitali ndogo za shamba, ambazo pengine zamu nzima ina muuguzi mmoja na daktari hana, zikapewa vishikwambi vya kupigia. Muuguzi akikwama na mzazi au mtoto mchanga anapiga, mtu wa mjini anamwona mgonjwa kwenye kioo na kumwelekeza la kufanya. Wenyewe wakikiita chumba cha picha. Faiza alipopangwa huko alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mkunga gani asiyerowa mikono?" alimwambia Tahir. "Si bora wanipeleke nikasome taarifa ya habari!"

Lakini alikuja kukipenda kile chumba. Aligundua kwamba miaka yote ile wodini alikuwa akimwona mzazi mmoja tu, yule aliye mbele yake, na huko shamba wengine wakifa kwa kukosa mtu wa kuwaambia neno moja. Alikuwa mkali. Hakutaka hadithi. "Usiniambie unavyofikiri, niambie unachokiona," ndilo neno lake, na wauguzi wa kusini na kaskazini walikuwa wakiliiga kwa kubana pua kama yeye. Alijua wanamwiga, na ilimfurahisha. Simu yake mwenyewe, akishaingia chumbani mle, aliinyamazisha na kuitia mkobani, mkoba ukawekwa kwenye kiti cha pembeni.

Tahir alikuwa fundi wa cherehani, ana kijiduka chake Darajani. Kila siku baada ya sala ya adhuhuri alimpigia mkewe kumuuliza samaki wa siku hiyo: changu, tasi au jodari? Alipiga mara moja tu. Faiza asipopokea, Tahir alinunua jodari, ambaye mkewe hampendi, kisha akisingizia simu. Walikuwa wakigombana kwa ajili ya jodari kwa raha kabisa, kama wengine wanavyogombana kwa ajili ya mpira.

Siku yenyewe ilikuwa kama siku nyingine. Aliyepiga ni Khairat, muuguzi wa hospitali ndogo ya upande wa kusini, binti mwepesi wa mikono lakini mwepesi wa hofu pia. Mtoto amezaliwa, hapumui. Faiza alimwona kwenye kioo: kalegea, rangi ya majivu, miguu imefunguka kama ya chura.

"Weka kichwa sawa. Usikivute sana nyuma. Barakoa ibane usoni. Minya puto la pumzi. Kifua kinapanda?"

"Hakipandi, Bi Faiza."

"Basi pumzi haiingii. Rudisha kichwa, bana upya. Minya."

Mkoba ukatetemeka juu ya kiti. Faiza hata alitabasamu. Samaki huyo, alijisemea, leo tena jodari. Ukanyamaza. Kifua cha mtoto kikapanda kidogo, kikashuka, na Khairat akaanza kulia huku anaminya. Kisha mkoba ukatetemeka mara ya pili.

Tahir hakuwahi kupiga mara mbili.

Faiza angeweza kuufikia mkoba bila kunyanyuka kitini. Ulikuwa hapo, pembeni, ngozi yake inacheza. Alijua. Hakujua ni nini, lakini alijua si samaki. Kwenye kioo Khairat alikuwa amesita kuminya, anamtazama yeye, anangoja neno.

"Usisite," alisema Faiza. "Minya. Nitazame mimi, minya."

Mkoba uliendelea, ukakoma, ukaanza tena, ukakoma. Mtoto alipolia kwa sauti yake mwenyewe, Faiza ndipo alipofungua zipu. Alipiga, na aliyepokea hakuwa Tahir. Tahir alikuwa amekaa barazani mbele ya duka lake, mgongo umeegemea mlango, simu mkononi, na waliopita walidhani amesinzia.

Kwa watu Faiza alisema, "Nlidhani ananiuliza samaki." Akalisema kila alipoulizwa, na kila aliyelisikia alilia na kumwambia siku ya mtu ikifika imefika. Neno lile lilikuwa kweli nusu. Nusu nyingine alibaki nayo yeye.

Mwanapili peke yake ndiye ambaye hakuuliza. Tahir alikuwa kaka yake pekee. Aliacha nyumba yake Chukwani, akaja na godoro lake na kofia zake za kushona, akakaa na wifi yake kama ilivyo desturi, mjane asiachwe peke yake. Alipika, alifua, aliamsha kwa sala ya alfajiri. Kila kitu alikifanya kwa wema, na ule wema ndio uliomtesa Faiza. Angetukanwa angepumzika. Alikuwa akimtazama wifi yake anavyovuta uzi, kidomo kimebanwa kama cha Tahir anapotia sindano kwenye cherehani, na anaona kuna kitu kimekaa kati yao mkekani, kinakula nao, kinalala nao, na hakuna anayekitaja jina.

Haukupita muda mrefu, hospitali ikamletea kishikwambi nyumbani. Dokta Nasser, mkuu wa wodi, alituma na ujumbe wa heshima. Masheikh wameshaulizwa, wamesema mjane kusema kwa haja hakuna ubaya, na kamera ya upande wake inaweza kuzibwa asionekane na mtu. Kule chumba cha picha amebaki daktari mmoja, naye mara nyingi yumo kwenye upasuaji. Kama ataweza, watu wanamhitaji. Kama hawezi, wanaelewa.

"Eda hainiruhusu," alijibu Faiza, na kishikwambi kikaingia kabatini chini ya kanga.

Nani atabishana na eda? Hata Dokta Nasser alirudisha maneno ya kuomba radhi. Mwanapili alisikia jibu lile na hakulisemea, ingawa kila asubuhi alimsikia huyo huyo mwenye eda akijibizana na muuza maji kupitia tundu la mlango: "Ndoo yako hiyo imejaa wapi, baba? Nusu nzima umeifanyia ngazi udhu!" Muuza maji alikuwa mwanamme, tena mwenye ndevu.

Khairat aliwahi kuja kutoa pole. Alikaa mkekani, akalia kidogo, kisha kwa moyo mweupe akasema mama wa yule mtoto anasalimia sana, mtoto kanenepa, ana mashavu. Faiza akasema Alhamdulillahi. Akanyanyuka, akaenda chooni, akajifungia. Alikuwa anamchukia yule mtoto. Alimchukia kwa mashavu yake, kwa pumzi yake, na chuki ile ilimtisha kuliko msiba wenyewe, kwa kuwa katika maisha yake ya ukunga hakuwahi kumchukia mtoto mchanga hata aliyemtapikia. Khairat alipoaga alichukua namba ya simu ya Mwanapili, akasema pengine itafaa.

Ikafaa siku moja baada ya sala ya alasiri. Mwanapili alikuwa anashona, simu yake ikalia na kutetemeka godoroni. Faiza alijikunyata kama alivyozoea kila simu inapolia, ya nyumba hii au ya nyumba ya pili. Mwanapili alisikiliza, akasimama wima, kofia ikamdondoka.

"Khairat huyo. Ana mzazi anamwaga damu. Mtoto mzima, lakini mama damu haisimami. Daktari wa mjini yumo ndani anapasua. Gari ya wagonjwa ishatoka, bado iko njiani."

"Mwambie eda haini..."

"Mwambie mwenyewe!" Mwanapili alikuwa ameshaitupa simu godoroni na kufungua kabati, anatupa kanga huku na huku. Alikitoa kishikwambi, akakiwasha, na kikawaka. Faiza alikitazama kwa mshangao, kwani kilitakiwa kiwe kimekufa zamani.

"Nlikuwa nikikitia chaji kila umeme ukirudi," alisema Mwanapili. "Usinitumbulie macho."

"Mwanapili, sitaki."

"Ahaa! Basi sema hutaki. Sema Faiza kaogopa, Faiza hataki. Usimsingizie Mungu. Eda hakuiweka uje ujifiche ndani yake."

Kishikwambi kikaanza kuita. Mwanapili akakiweka mapajani mwa wifi yake, akakaa mbele yake chini, magoti yao yakigusana. Faiza aliweka kidole gumba juu ya tundu la kamera upande wake, na kwa kidole kingine akapokea.

Chumba cha Khairat kilitokea kimeinama, kisha kikanyooka. Mzazi alikuwa mwanamke mdogo, jina lake Sichana, uso umempauka, midomo imemkauka. Chini ya kitanda palikuwa na beseni.

"Bi Faiza! Jamani, Bi Faiza!"

"Usinililie. Niambie unachokiona." Neno lilitoka lenyewe, kwa ile sauti ya pua. "Kondo limetoka?"

"Limetoka zima, nimelitazama pande zote."

"Sindano ya kukaza kizazi?"

"Nshampiga. Na mkojo nimeutoa. Na tumbo nimelisugua mpaka limekuwa gumu kama ndimu, lakini damu inakuja, Bi Faiza, inakuja tu."

"Gumu? Una hakika?"

"Gumu."

"Sogeza kamera nione. Chini zaidi. Hapo. Tulia."

Khairat akatulia. Faiza akaiona: haikuwa ile damu nzito inayokuja kwa mafungu tumbo likilegea. Ilikuwa nyembamba, nyekundu ya kung'ara, inashuka bila kupumzika. Aliinama juu ya kioo mpaka pua yake ikakaribia kukigusa.

"Nani huyo anayesema?" Ilikuwa sauti ya Sichana, dhaifu.

"Mkunga wa mjini," Khairat alimwambia.

"Mbona hana uso?"

Faiza akajibu mwenyewe. "Mimi ni Faiza, mwanangu. Nimo kwenye eda ya mume wangu, ndiyo sababu hunioni."

Sichana alifumba macho. Ilionekana anakusanya pumzi kwa ajili ya kitu kikubwa. "Mungu amrehemu," alisema.

Faiza aliitikia amina. Huyu anayemwagika damu amepata nafasi ya kumwombea Tahir, na yeye mwenyewe, tangu mumewe azikwe, kila akimwombea anakatizwa na mtetemo.

"Khairat, acha tumbo," alisema haraka. "Si tumbo. Tumbo likiwa gumu na damu ikaendelea, basi amechanika ndani, huko juu usikopaona. Lete taa. Lete na..."

Juu ya godoro, pembeni ya paja lake, simu ya Mwanapili ikatetemeka.

Maneno yakamkatika. Haukuwa mkoba safari hii, wala friji. Ilikuwa simu kweli, imelala juu ya shuka, inajisogeza kidogo kidogo kumfuata. Aliiona baraza ya Darajani, aliuona mlango, aliuona mkono umeishika simu unangoja.

"Bi Faiza? Umekatika? Lete na nini? Bi Faiza!"

Faiza hakuwa akimtazama Khairat tena. Alikuwa anaitazama simu, na machozi yanamshuka bila yeye kulia. Mwanapili aliitazama simu, akamtazama wifi yake, na hapo akaelewa kile ambacho huyu mwanamke amekuwa akikisikia siku zote. Akainyakua, akaipokea.

"Nani? Sema upesi!" Alisikiliza. Alikuwa mnunuzi wa kofia, anauliza rangi. Mwanapili akaizima kabisa, akaishika kwa mikono yote miwili kifuani, akamsogelea Faiza uso kwa uso.

"Si yeye," alimwambia polepole. "Nimepokea mimi. Si yeye. Endelea."

Faiza alivuta pumzi iliyosikika chumba kizima.

"Shashi," alisema. "Zile ndefu. Ziunge pamoja zisije zikapotea ndani. Tia taa katikati ya miguu, fungua, tazama upande wa kushoto, damu inatokea kushoto. Umeona mpasuko?"

"Naona! Naona, Bi Faiza, uko juu!"

"Usishone, huko hupafikii. Jaza shashi, gandamiza. Kwa nguvu. Ataumia, mwambie pole na ugandamize. Usinyanyue mkono mpaka gari ifike, hata mkono ukufe ganzi. Na maji ya dripu yaende mbio. Sichana! Sichana, mwanangu, mtoto gani umepata?"

"Wa kike," ilisema sauti.

"Sema tena."

"Wa kike."

Akamfanya aseme tena na tena, wa kike, wa kike, kila sauti ilipozama alimwita irudi, mpaka damu kwenye beseni ikaacha kuongezeka na mlango wa kule ukafunguliwa na watu wa gari ya wagonjwa wakaingia. Faiza alikifunga kishikwambi. Kidole chake gumba kilikuwa kimekakamaa juu ya kamera, ikabidi Mwanapili amnyooshee.

Baada ya magharibi, simu imeshawashwa, Khairat alipiga tena, na Mwanapili ndiye aliyepokea. Mzazi amefika mjini, ameshonwa, ametiwa damu, amelala. Mtoto wake yuko pembeni yake. Mwanapili alimpa wifi yake habari zile neno kwa neno, akamwekea chai, akarudi kwenye kofia yake. Furaha ilikuwepo, lakini ilikaa mlangoni haikuingia.

"Wifi," alisema Faiza.

"Naam."

"Siku ile. Mimi huwaambia watu nlidhani samaki. Simu ya kwanza, kweli, nlidhani samaki. Ya pili nlijua."

Mwanapili aliendelea kushona. "Najua kama ulijua."

"Umejuaje?"

"Kaka yangu hapigi mara mbili. Nimekua naye, sikujuana naye jana. Nlipoitwa pale barazani nikaishika simu yake, nikaona kakupigia tena na tena, nikasema, Faiza kajua huyu. Nimekaa nawe humu ndani nangoja uniambie."

Faiza alishusha kikombe. Aliona sasa hana pa kurudi, na hakutaka kurudi. "Basi n'kwambie na lililobaki. Nimejiuliza kila siku. Ingekuwa leo, mtoto yule yuko vile, na simu inaita vile, na mimi najua ni Tahir..."

"Usiseme."

"Nisingepokea, Mwanapili. Nnampenda, na nisingepokea."

Sindano ilisimama. Kisha mabega ya Mwanapili yakaanza kucheka, ndivyo ilivyoonekana, na haikuwa kicheko. Alilia kama ambavyo hakulia siku ya mazishi, kwa sauti, mbele ya yule aliyekuwa akimficha machozi tangu siku ile. Faiza hakuthubutu kumgusa.

"Ntakulaumu," alisema Mwanapili alipopata sauti. "Sikufichi, wifi yangu. Ntakulaumu mpaka nife, na hata huko akhera ntakusimamisha nikuulize."

"Haya."

"Lakini wakikupigia, pokea."

"Ntapokea."

"Kesho, na kesho kutwa, na eda ikisha. Wakikupigia, pokea."

Alijifuta uso kwa ncha ya kanga, kisha akainama kuitafuta sindano yake kwenye mkeka, kwa kuwa ilikuwa imemponyoka.